Viungo Vinapouma kwa Mwenye Sistiki Faibrosisi: Nini cha Kufanya, Hatua kwa Hatua

Kijana amelala akiwa mzima. Alfajiri anaamka goti limevimba, lina joto, hata shuka likiligusa tu anashtuka. Anajikongoja hadi mezani afungue kikombe cha nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, aweke dawa yake ya asubuhi, lakini kifundo cha mkono nacho kimekakamaa na kifuniko hakizunguki. Mama yake anamfungulia. Siku ya tano uvimbe umenywea. Siku ya nane anapanda ngazi mbilimbili. Wiki tatu baadaye yuko kliniki: anapuliza kipima pumzi, anapimwa uzito, anatoa makohozi ya kwenda maabara, kisha anarudi nyumbani. Goti halikutajwa, maana siku hiyo lilikuwa halina neno.

Hivyo ndivyo maumivu ya viungo yanavyopotea katika ugonjwa huu. Huja kati ya kliniki na kliniki, yakamtesa mtu, yakaondoka bila shahidi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, siku ile ile kiungo kinapouma, ndipo twende hospitali.

Kwanza tuelewane kwa nini ugonjwa wa mapafu ufike gotini. Sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu ya jeni iitwayo CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, ute wa mwili huwa mzito na kunata. Mapafuni ute huo hunasa bakteria, hasa Pseudomonas, na kinga ya mwili hukaa vitani miaka nenda miaka rudi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kingamwili na mabaki ya bakteria hugandamana, husafiri na damu, kisha hutua kwenye utando laini wa ndani ya viungo na kuufanya uvimbe. Hii inaeleza kwa nini shida hii ni nadra kwa watoto wachanga, huongezeka kadiri umri unavyosogea, na huwaandama zaidi wale ambao mapafu yao hushambuliwa mara kwa mara. Watu wenye sistiki faibrosisi sasa wanaishi miaka mingi kuliko zamani, kwa hiyo wengi zaidi wanafika umri wa kuonana nayo.

Hatua ya 1: Amua kama ni jambo la leo leo

Kabla ya kutafuta dawa ya maumivu, jiulize maswali haya. Jibu likiwa ndiyo, usisubiri kesho.

Je, ni kiungo kimoja tu, chekundu, cha moto, kisichokunjika kabisa, na mgonjwa ana homa au anatetemeka? Hapo hofu ni usaha ndani ya kiungo. Bakteria wakiingia kiungoni wanaweza kukiharibu ndani ya siku chache. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyewekewa mrija wa kudumu wa dawa kwenye mshipa, anayetumia steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe, kama predinisoloni), au aliyepandikizwa mapafu. Daktari atataka kuvuta maji ya kiungo kwa sindano, na ni vizuri zaidi yavutwe kabla antibiotiki mpya haijaanza, ili maabara ione mdudu ni yupi. Kwa hiyo usianze antibiotiki iliyobaki kabatini.

Je, mgongo umeuma ghafla, kama umechomwa kisu, baada ya kukohoa sana au kuinua kitu? Pingili ya uti wa mgongo inaweza kuwa imevunjika. Kwa mwenye mifupa dhaifu, kikohozi peke yake kinatosha kuivunja, au kuvunja ubavu.

Je, kisigino kinauma kwa nyuma, au umesikia kitu kimefyatuka hapo, na unatumia antibiotiki ya siprofloksasini au levofloksasini, au ulizitumia karibuni? Acha kutumia dawa hiyo, pumzisha mguu, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Nitarudi kwenye dawa hizi baadaye, zinastahili maelezo marefu.

Na je, kiungo kimevimba huku mgonjwa akiwa na michubuko isiyo na sababu au fizi zinazotoa damu? Vitamini K hunyonywa pamoja na mafuta, na katika ugonjwa huu kongosho mara nyingi halifanyi kazi vizuri, hivyo vitamini hiyo hupungua. Ikipungua sana, damu haigandi, na inaweza kuvujia ndani ya kiungo.

Hatua ya 2: Fungua daftari, piga picha

Kama ningeruhusiwa kumwachia msomaji jambo moja tu, ningechagua hili. Daftari la kurasa chache linamsaidia daktari bingwa wa viungo kuliko eksirei, kwa sababu katika mashambulizi ya muda mfupi eksirei mara nyingi haionyeshi kitu.

Piga picha ya kiungo kinachouma kikiwa kando ya mwenzake. Goti moja lililopigwa peke yake halimwambii mtu chochote, lakini magoti mawili pamoja, kwenye mwanga mmoja, yanaonyesha uvimbe waziwazi. Kama kuna vipele au vinundu vyekundu vinavyouma kwenye muundi, vipige picha pia, maana katika ugonjwa huu vipele na viungo mara nyingine huandamana.

Kisha andika, kwa maneno ya kawaida kabisa: "Jumanne. Goti la kulia na kifundo cha mkono wa kushoto. Nilikakamaa asubuhi kama saa moja na nusu. Homa 38. Makohozi yamekuwa ya kijani tangu Jumapili, ni mengi kuliko kawaida. Nilimaliza antibiotiki siku kumi zilizopita. Ibuprofeni imesaidia kidogo. Ijumaa nimeweza kutembea bila kuchechemea."

Ukiangalia kwa makini, mistari hiyo ina mambo manne anayoyatafuta daktari: viungo gani, ukakamavu wa asubuhi umedumu muda gani, kifua kilikuwa na hali gani wakati huo, na dawa gani ziliingia au kutoka wiki za karibuni. Jambo la kifua ndilo watu husahau. Kama una kipima pumzi nyumbani, andika na namba yake.

Hatua ya 3: Isome sura ya maumivu

Maumivu ya viungo kwa mwenye sistiki faibrosisi si ugonjwa mmoja. Kuna sura mbili zinazotokana na ugonjwa wenyewe, na nyingine zinazofanana nazo.

Sura ya kwanza ni ile ya kijana wetu: shambulio la ghafla. Hushika magoti, vifundo vya miguu, vifundo vya mikono, mabega, na wakati mwingine viungo vidogo vya vidole. Hudumu siku chache, kwa kawaida kama wiki moja, kisha huisha na kiungo hurudi kama kilivyokuwa. Linaweza kurudi baada ya wiki kadhaa au miezi. Wengine hupata pamoja na kifua kuchafuka, wengine kifua kikiwa shwari kabisa. Habari njema, na ni njema kwelikweli, ni kwamba kwa wengi aina hii haili mfupa wala haiachi kilema. Wachache huendelea hadi ikawa ya kudumu, na hao ndio wanaohitaji matibabu mazito zaidi.

Sura ya pili madaktari huiita osteoathropathi haipatrofiki ya mapafu. Hapa kinachovimba hasa ni utando unaofunika mifupa mirefu, karibu na vifundo vya miguu, magoti na vifundo vya mikono. Maumivu yake ni ya kuchimba, ya pande zote mbili za mwili, huzidi usiku, na hayaondoki baada ya wiki. Huwapata zaidi watu wazima ambao mapafu yao yamechoka, na mara nyingi hupanda na kushuka pamoja na kifua: kikichafuka mifupa huuma, kikitibiwa hupoa. Eksirei ya muundi au ya mkono huweza kuonyesha utando mpya wa mfupa kama mstari mwembamba pembeni.

Sura hii huandamana na vidole vilivyovimba ncha na kucha zilizopinda. Kuna kipimo unachoweza kufanya ukiwa umekaa kitini. Gusanisha migongo ya vidole viwili vinavyolingana vya mikono yote miwili, kucha kwa kucha. Kwa kawaida hubaki kitundu kidogo cha pembe nne kwenye mizizi ya kucha, na mwanga hupita. Vidole vikiwa vimevimba ncha, kitundu kinazibika. Kipimo hiki alikieleza daktari wa moyo wa Afrika Kusini, Leo Schamroth, mwaka 1976, baada ya kuona mabadiliko hayo kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua. Lakini usiogope kwa kitundu kuzibika peke yake: vidole vya namna hiyo ni vya kawaida kwa watu wengi wenye sistiki faibrosisi wasio na maumivu yoyote ya mifupa. Vidole pamoja na mifupa inayouma usiku, hapo ndipo pa kumwambia daktari.

Zinazofanana nazo ni nyingi na nitazipitia haraka. Mifupa kupoteza uzito, kwa sababu ya upungufu wa vitamini D, lishe duni na steroidi, huleta maumivu ya mgongo. Jongo, yaani maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, huweza kutokea, hasa baada ya kupandikizwa mapafu, kwa sababu ya dawa za kuzuia mwili kuyakataa, kama siklosporini. Nyonga inayouma kwa mtu aliyetumia steroidi kwa muda mrefu inahitaji kipimo cha MRI, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimekosa damu. Na mwenye sistiki faibrosisi anaweza kupata baridi yabisi ile ya kawaida ya kinga ya mwili kushambulia viungo, kama mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 4: Pitia dawa zako moja moja

Keti na orodha ya dawa zote, za kumeza, za kuvuta na za mshipani, na tarehe zilipoanza.

Siprofloksasini na levofloksasini ndizo za kwanza kuangaliwa. Zimewasaidia watu wengi kupambana na Pseudomonas, na sitaki mtu azichukie. Lakini zinaweza kuumiza viungo na kudhoofisha kano, hasa kano nene ya kisigino, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo lake kali kabisa kuhusu kano kukatika. Hatari huongezeka kwa anayetumia steroidi kwa wakati mmoja, aliyepandikizwa kiungo, na mwenye umri unaozidi miaka 60. Tatizo linaweza kuanza ndani ya siku mbili za dozi, au miezi kadhaa baada ya kuimaliza. Likishakutokea, omba liandikwe kwenye faili lako kwa herufi zinazoonekana, ili daktari wa zamu asiyekujua asikupe tena.

Dawa mpya zinazorekebisha kazi ya CFTR, kama mchanganyiko wa eleksakafta, tezakafta na ivakafta ulioidhinishwa Marekani mwaka 2019, zimebadilisha maisha ya wengi. Wapo waliosema viungo vyao vimetulia tangu waanze, na wapo walioanza kuumwa na viungo baada ya kuanza. Kama wewe ni wa kundi la pili, andika tarehe na uwaambie wanaokutibu. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa kuwa mapafu yanaweza kuporomoka haraka.

Hatua ya 5: Kliniki, na maneno ya kuanzia

Usisubiri uulizwe. Anza wewe, kabla ya kipimo cha pumzi: "Tangu kliniki iliyopita nimeshikwa na viungo mara tatu, nina picha." Sentensi hiyo inabadilisha mazungumzo yote. Kama shambulio linaendelea, piga simu uombe kuonekana likiwa bado lipo, badala ya kungoja tarehe.

Vipimo vya damu vitaonyesha kiasi cha uvimbe mwilini, hali ya figo na ini, vitamini D, mgando wa damu na asidi ya yuriki. Kuna kimoja kinachowatia watu hofu bure: rumatoidi fakta, kinachotumika kutafuta baridi yabisi. Maambukizi ya muda mrefu yanaweza kukifanya kiwe chanya hata kwa mtu asiye na baridi yabisi. Kingamwili za anti-CCP huaminika zaidi katika kutenganisha, kwa hiyo uliza kama nacho kimefanyika. Altrasaundi ya kiungo ni nzuri kwa kuona maji na uvimbe wa utando, ambavyo eksirei haivioni. Na kipimo cha uzito wa mifupa, DEXA, kinafaa kwa kila mtu mzima mwenye ugonjwa huu, na mapema zaidi kwa mtoto mwenye dalili za hatari.

Omba daktari wa mapafu na daktari wa viungo waandikiane. Mmoja akitibu bila mwenzake kujua, ndipo dawa hugongana, na hatua zinazofuata zimejaa mifano.

Hatua ya 6: Kutuliza maumivu bila kuumiza kwingine

Shambulio dogo hutulizwa na mapumziko mafupi, kitambaa cha baridi au cha moto kwa kadiri mwili wako unavyopenda, na parasetamoli. Kwa mtu mzima ukomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge nane vya miligramu 500, lakini mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye ini lenye shida anahitaji kiasi kidogo zaidi. Baadhi ya wenye sistiki faibrosisi wako kwenye kundi hilo, kwa hiyo muulize daktari namba yako.

Ibuprofeni na naproksini hufanya kazi vizuri zaidi kwa uvimbe, na kwa wengi hutosha. Zina masharti. Usizimeze bila ruhusa wakati unapata mshipani antibiotiki za tobramaisini, amikasini au jentamaisini: dawa hizo peke yake huelemea figo, na pamoja na ibuprofeni figo zinaweza kufeli. Joto kali au kuharisha kukishakukausha maji na chumvi, hatari ni ile ile. Usizitumie kama umekohoa damu siku za karibuni au una vidonda vya tumbo. Huenda umesikia kwamba ibuprofeni kwa dozi kubwa huchelewesha kuharibika kwa mapafu ya watoto. Ni kweli utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha hivyo, lakini dozi ile ilipangwa kwa kupima kiwango cha dawa ndani ya damu. Haiwezi kukisiwa jikoni. Aspirini asipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16 bila agizo la daktari.

Kodeini na ndugu zake nazihofia zaidi. Hukausha choo, na kwa mwenye sistiki faibrosisi choo kikavu kinaweza kuishia kwenye utumbo kuziba pale mwembamba unapokutana na mnene. Hupunguza pia kikohozi, na kikohozi ndicho kinachotoa makohozi. Zikilazimika, ziwe za siku chache, pamoja na dawa ya kulainisha choo na maji ya kutosha.

Shambulio likiwa kali, daktari anaweza kutoa predinisoloni kwa muda mfupi. Mwenye kisukari kilicholetwa na sistiki faibrosisi apime sukari mara nyingi zaidi siku hizo. Kama unatumia itrakonazoli kwa ajili ya fangasi, mkumbushe daktari kabla hajakuchoma sindano ya steroidi kiungoni: dawa hiyo huzuia mwili kuondoa baadhi ya steroidi, na zikijazana huleta madhara makubwa.

Kwa osteoathropathi ya mapafu, tiba ya kwanza ni mapafu yenyewe: kutibu maambukizi, kusafisha kifua kwa bidii. Maumivu yakigoma, zipo dawa za mifupa kama pamidroneti zinazotolewa mshipani, na zimewasaidia baadhi.

Wachache ambao viungo havitulii huanzishiwa dawa za muda mrefu: haidroksiklorokwini, salfasalazini, methotreksati, au zile za kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe. Hizi za mwisho hushusha kinga, hivyo kifua kikuu hupimwa kwanza na maambukizi ya mapafu hufuatiliwa kwa karibu. Kuhusu methotreksati, shika hili: usichanganye na ko-trimoksazoli. Zikikutana zinaweza kuua chembe za damu kwenye uboho. Ko-trimoksazoli ni antibiotiki ya kawaida sana kwa mwenye kifua hiki, na anayekuandikia anaweza kuwa hajui kuhusu methotreksati. Sema wewe, kila mara.

Hatua ya 7: Kifua kisisimame

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Mbavu zinauma, mabega yanauma, mtu anaruka zoezi la kutoa makohozi jioni moja, kisha mbili, na ndani ya wiki kifua kimejaa. Kifua kikijaa, viungo navyo huzidi.

Badilisha njia, usiache kazi. Kama kugonga kifua kwa viganja kunaumiza kifundo cha mkono wako au wa anayekugonga, hamia kwenye kifaa cha kupulizia chenye upinzani, au zoezi la kupumua kwa mizunguko na kuhema kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, ambavyo havihitaji mikono yenye nguvu. Meza dawa ya maumivu nusu saa hadi saa nzima kabla ya zoezi. Kohoa ukiwa umekumbatia mto kifuani. Na vifuniko vya nebulaiza vinavyohitaji kukazwa, vizungushe kwa kitambaa cha mpira kinachoshika, au vilegezwe mapema na mwenye mikono mizima.

Kuhusu mwendo: siku mbili tatu za kwanza kiungo kipumzike, lakini kikunjwe na kunyooshwa taratibu mara kadhaa kwa siku ili kisigande. Kuendesha baiskeli bila mzigo mzito huwa rahisi kwa magoti. Uvimbe ukiisha, rudi kwenye kutembea haraka na kuinua uzito mdogo, kwa sababu mifupa huimarika inapobeba uzito. Ongeza na kunyoosha misuli ya kifua: simama kwenye fremu ya mlango, weka mikono pande mbili, sogea mbele mpaka usikie kifua kinafunguka. Miaka ya kukohoa huuinamisha mgongo mbele, na mgongo ulioinama huuma wenyewe.

Jambo la mwisho ni la shuleni na kazini. Mtoto aliyecheza mpira jana na leo hawezi kushika kalamu huonekana mvivu au mwongo, na hilo humuumiza kuliko goti. Mwombe daktari barua fupi yenye mambo mawili tu: kwamba ugonjwa wake huleta mashambulizi ya viungo yanayokuja ghafla na kuisha baada ya siku chache, na kwamba siku hizo aruhusiwe kukaa nje ya michezo na kupewa muda zaidi wa kuandika. Ampelekee mwalimu sasa, angali mzima.